Dubai au Durban? Kupanga safari ya kwanza ya watoto kwenye bustani za michezo ng'ambo

Kabla hujauliza nauli, azima utepe wa fundi cherehani. Wasimamishe watoto ukutani mmoja mmoja, bila viatu, uandike urefu wao kwenye daftari. Wengi wetu hatuanzii hapo. Tunaanzia kwenye picha ya mtoto aliyening'inia kichwa chini kwenye reli nyekundu, mdomo wazi kwa furaha. Lakini kwenye lango la kila bembea kubwa yupo mfanyakazi mwenye kipimo, na hamuulizi mtoto ana miaka mingapi wala baba amelipa kiasi gani. Anatazama kichwa kama kinafika mstarini, basi. Bembea nyingi za kasi zinataka mita 1.2, zilizo kali zaidi mita 1.3 au 1.4. Mtoto wa sentimita 112 atabaki pembeni akimpungia kaka yake mkono, na tiketi yake umeshaikata.

Nina watoto watatu. Tulikwenda Afrika Kusini kwanza, wakubwa wakiwa na miaka tisa na saba, mdogo mitatu. Miaka miwili baadaye tukaenda Dubai. Safari zote mbili zililipwa kwa namna moja: upatu wa mke wangu na wenzake kazini, kibubu cha nyumbani, na kiwanja kidogo cha mihogo tulichouza mavuno yake misimu miwili. Tangu turudi, majirani hapa Dar es Salaam wananisimamisha njiani, "Baba Salma, tuende wapi?" Nami huwarudishia maswali: mko wangapi, watoto wana urefu gani, na shule zinafungwa mwezi gani? Mambo hayo matatu yakijibiwa, mji unajichagua wenyewe karibu kabisa.

Kwa nini hii miwili tu

Ndoto ya wengi ni Disney, na sioni ubaya wake. Disneyland Paris ilifunguliwa tarehe 12 Aprili 1992 huko Marne-la-Vallée, kilomita kama 32 mashariki mwa Paris, na treni ya RER A inakushusha hatua chache kutoka langoni. Shida iko kabla ya ndege. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, na tangu Juni 2024 ada yake ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Chini ya hapo ni bure. Ongeza bima ya safari ya euro 30,000, barua ya mwajiri, taarifa za benki, na safari ya kwenda kupigwa picha na kutoa alama za vidole. Baba, mama, mtoto wa miaka minane na wa miaka minne wanaweka euro 225 mezani bila kujua watajibiwa nini, na wakinyimwa hela hairudi. Marekani, yaani Disney ya Orlando, ombi la viza ni dola 185 kwa kila kichwa, hata cha mtoto wa mgongoni. Watu wanne ni dola 740.

Kama una dada Paris atakayewapa chumba na jiko kwa wiki nzima, hesabu yako ni nyingine na usinisikilize mimi. Kwa familia isiyo na mwenyeji huko, na ambayo haijawahi kutoka nje na watoto, ningeiacha Ulaya iwe safari ya pili. Mei 2025 Disney wenyewe walitangaza kwamba watajenga bustani Abu Dhabi, kwenye kisiwa cha Yas. Ni habari njema, ila mtoto wako wa miaka kumi leo hawezi kukaa akisubiri kreni zimalize kazi.

Makaratasi

Hapa Afrika Kusini inaanza mbele sana. Mtanzania anaingia bila viza hadi siku 90, na Mkenya naye tangu Januari 2023. Kwa familia yetu ya watu watano ada ya viza ilikuwa sifuri, na hiyo sifuri ndiyo iliyotuwezesha kusafiri mwaka ule badala ya mwaka uliofuata. Jamaa wa Uganda na Kongo hawana bahati hiyo. Kwao viza inahitajika, na uzito wa mizani unabadilika.

Bila viza haimaanishi bila makaratasi. Afrika Kusini iliweka masharti makali kuhusu watoto mwaka 2015, na ingawa baadaye yalilegezwa, beba cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto kinachoonyesha majina ya wazazi wote wawili. Mzazi akisafiri peke yake, achukue barua ya ridhaa ya mwenzake pamoja na nakala ya kitambulisho chake. Kwenye kaunta ya Dar walituomba vyeti vyote vitatu kabla hata ya kupima mabegi. Kadi ya njano nayo iwe mkononi: chanjo ya homa ya manjano inaanza kuhesabika siku kumi baada ya kuchomwa, na tangu 2016 ni ya maisha, kwa hiyo ukimchoma mtoto leo umemaliza.

Emirati, yaani Falme za Kiarabu, nchi ya Dubai na Abu Dhabi, wanataka viza kwa kila mmoja wetu, watoto nao. Unaipata kupitia shirika la ndege, hoteli au wakala, bila kupanga foleni ubalozini, na mara nyingi majibu hutoka ndani ya siku chache. Sisi ilitugharimu karibu dola mia kwa mtu mzima ukijumlisha ada ya wakala. Na hapa nina jambo la moyoni. Wakala niliyemlipa aligeuza majina ya binti yangu, la babu likatangulia la baba, tofauti na pasipoti. Tuligundua usiku wa kuamkia safari. Tulilipia viza nyingine kwa haraka, na mama yao alilia jikoni akidhani mtoto atabaki. Viza ikifika, ikae kando ya pasipoti na usome herufi kwa herufi, siku ileile.

Tangu 2018 Emirati wana utaratibu wa kutowatoza ada ya viza watoto chini ya miaka 18 wanaofuatana na wazazi kati ya 15 Julai na 15 Septemba. Kwa Mtanzania kipindi hicho shule ziko wazi. Kwa Mkenya mwenye likizo ya Agosti kinaangukia pazuri, na familia yenye watoto wanne inaokoa hela ya maana, ila kuna joto ambalo nitalieleza mbele.

Jambo jingine la Emirati: dawa. Dawa za kikohozi zenye kodini, na tramadoli, hazichezewi kule. Ukiwa nazo bila cheti cha daktari na kibali unaingia matatani. Mirungi ndiyo usifikirie kabisa, hata jani moja lililosahaulika mfukoni mwa koti la mjomba.

Bustani rahisi na njia ghali, bustani ghali na njia rahisi

Ningetaka mtu aniambie hili kabla sijaanza kuweka akiba. Afrika Kusini, kuingia kwenye bustani ni rahisi kwa mfuko, lakini kufika kwenye bustani ndiko kunakokula hela. Dubai ni kinyume chake: lango linakumaliza, kilichobaki chote kinaweza kuwa cha bei ya chini ukijua pa kukaa.

Tuanze na malango. Gold Reef City, Johannesburg, haikunitoza zaidi ya dola 20 kwa mtu, na bembea zote kubwa zilikuwa ndani ya tiketi hiyo. Bustani kubwa za Dubai na Abu Dhabi zinatoza dirhamu 300 na zaidi kwa mtu mzima mlangoni, yaani zaidi ya dola 80. Ukinunua mapema mtandaoni unapunguziwa kidogo. Dirhamu imefungwa kwa dola tangu 1997, kama 3.67 kwa dola moja, kwa hiyo shilingi ikishuka, Dubai inapanda hapohapo. Randi inapanda na kushuka kivyake, na kuna mwaka inakuwa rafiki yetu.

Watu watano, bustani tatu, Dubai: tayari umepita dola elfu moja kabla hujanunua hata maji. Ndiyo maana tulipokwenda tulichagua bustani mbili tu, siku nzima kila moja, na siku zilizobaki tukaishi kwa vitu vya bure au vya senti. Kuvuka Khor, mkono wa bahari unaopita katikati ya Dubai, kwa abra, ile mashua ya mbao, ni dirhamu moja kwa mtu; mwanangu wa katikati alivuka mara sita siku moja na mpaka leo anaihesabu pamoja na bembea. Chemchemi za kucheza pale Dubai Mall hazina kiingilio. Ufukwe wa umma wa Jumeirah hauna kiingilio. Global Village, ambayo hufunguliwa majira ya baridi tu, kiingilio chake ni cha watu wa kawaida, ingawa bembea za ndani unazilipia moja moja.

Sasa njia. Dubai kuna metro, iliyoanza Septemba 2009, safi, ina behewa la wanawake na watoto, na mtoto chini ya miaka mitano hapandi kwa nauli. Usimpe mtoto biskuti ndani: kula au kunywa ni faini ya dirhamu 100. Metro haifiki mlangoni pa bustani, lazima umalizie na basi au teksi, lakini teksi za kule zina mita na hazikuombi kubembelezana bei. Kwenda Abu Dhabi, basi la E101 kutoka kituo cha Ibn Battuta lilitutoza dirhamu 25 kwa mtu.

Johannesburg hakuna namna ya kutembea na watoto watatu kwa miguu na usafiri wa umma kama mgeni. Treni ya Gautrain inakutoa uwanja wa ndege hadi mtaa wa Sandton vizuri sana, ila Gold Reef City iko kusini mwa jiji, na utakuwa unaita Uber asubuhi na jioni, au umekodi gari. Kukodi si jambo la kutisha kwetu, maana nao wanaendesha kushoto. Halafu kuna Durban, ambayo ndiyo niliipenda zaidi, na inahitaji mguu mwingine wa safari: saa moja ya ndege kutoka Johannesburg, au barabara ya N3 ya kilomita zaidi ya 550. Nauli ya huo mguu mmoja kwa watu watano ilikaribia kula ile hela ya viza tuliyojisifu kuiokoa. Ulinganishe kwa haki basi: chukua nauli ya Dar hadi Durban, sio ya Dar hadi Johannesburg, uiweke kando ya nauli ya Dar hadi Dubai pamoja na viza. Kwetu sisi pengo lilibaki, lakini lilikuwa dogo kuliko watu wanavyosema.

Kuhusu nauli za watoto: chini ya miaka miwili analipa sehemu ndogo tu, kama asilimia kumi, akipakatwa. Akitimiza miaka miwili anataka kiti chake, na kiti kinakaribia bei ya mtu mzima. Akitimiza miaka miwili katikati ya likizo, safari ya kurudi anahesabiwa mkubwa. Tazama tarehe.

Malazi yanategemea mko wangapi. Hoteli nyingi za Dubai zinakubali wazazi wawili na mtoto mmoja au wawili kwa chumba. Wa tatu anakusukuma kwenye chumba cha pili, na kila chumba kinatozwa kodi ya utalii ya dirhamu 7 hadi 20 kwa usiku kulingana na daraja. Sisi tuliishia kwenye hoteli ya fleti mtaa wa Deira, yenye jiko. Durban, fleti ya likizo ya kuangalia bahari ilitutosha wote watano, na bei ilikuwa ya fleti, bila kuhesabu vichwa. Familia ya watoto wanne au watano, au inayokwenda na bibi, Durban inashinda hapa bila ubishi.

Watoto wenyewe wanapata nini

Gold Reef City imejengwa juu ya mgodi wa zamani wa dhahabu, na hilo ndilo linaloifanya isifanane na mahali pengine. Johannesburg yenyewe ilizaliwa kwa dhahabu iliyogunduliwa 1886. Kuna ziara ya kushuka chini ya ardhi, unavaa kofia ya mchimbaji, unaingia gizani, kisha unaonyeshwa dhahabu ikiyeyushwa na kumiminwa. Mkubwa wangu alipanda Anaconda, rola kosta ambayo miguu inaning'inia hewani, akashuka akitetemeka akataka tena. Wa miaka saba hakufika urefu. Alinuna mpaka tuliposhuka mgodini, na siku hizi ukimuuliza habari za Afrika Kusini anaanza na mgodi. Bustani hii kwa kawaida hufungwa Jumatatu na Jumanne nje ya likizo za shule za kwao, kwa hiyo panga wikendi. Jirani yake ukuta kwa ukuta ni Jumba la Makumbusho la Ubaguzi wa Rangi, lililofunguliwa 2001. Ukiwa na mtoto wa miaka kumi na mbili na zaidi, mpeleke. Mdogo zaidi ya hapo, acha. Picha za mle ni nzito.

Durban ina uShaka Marine World, ya tangu 2004. Ushaka kwa Kizulu ni papa, na watoto walifurahi kugundua kwamba Wazulu wanamwita hivyo samaki ambaye sisi tunamkausha na kumtia nazi. Sehemu ya samaki imejengwa mithili ya meli kuukuu iliyozama: unashuka tumboni mwa meli, papa wanapita nyuma ya kioo. Nje kuna slaidi za maji, kuanzia za mtoto wa miaka mitatu hadi zile za kukutoa roho. Kwa familia yenye watoto wa umri mbalimbali sijaona mahali palipotutosheleza wote kama pale. Mdogo alicheza siku nzima kwenye maji ya magotini, wakubwa wakapanda juu, na mama yao alikaa kivulini anawaona wote watatu kwa jicho moja. Hilo la kuwaona wote kwa jicho moja lina thamani kubwa kuliko mwendo wa bembea.

Dubai na Abu Dhabi ziko daraja jingine kwa ukubwa na ung'aavu, na lazima niseme kweli, mtoto wa miaka kumi na mmoja ataikumbuka zaidi. IMG Worlds of Adventure, iliyofunguliwa Agosti 2016, yote iko ndani ya jengo lenye kiyoyozi, kama mita za mraba 140,000, na ina dinosaria wanaotikisa kichwa na mashujaa wa Marvel. Abu Dhabi kuna Ferrari World ya tangu 2010, yenye Formula Rossa inayofika kilomita 240 kwa saa, Warner Bros. World ya 2018, nayo ya ndani. Na SeaWorld ya 2023. Legoland ya Dubai imepangwa kwa watoto wa miaka 2 hadi 12, na ukiwa na wadogo watupu, hiyo moja inatosha safari nzima. Kosa ninaloliona kwa watu ni kuwapeleka watoto wa miaka minne na mitano Ferrari World kwa sababu jina ni kubwa. Pale mdogo wenu atapata vichache, na mtalipa vingi.

Kwa familia ya pwani kuna swali ambalo halijibiwi na watangazaji. Mtoto wa Tanga au Kilwa amezaliwa na bahari; ufukwe wa Durban hautamshangaza, maji yenyewe ni ya baridi kuliko ya kwao. Mtoto wa Dodoma au Nakuru atalala akiuota. Kwa wa kwanza siku mbili Durban zinatosha, wa pili mpe nne.

Mwezi mnaoondoka

Juni na Julai, likizo yetu ya katikati ya mwaka, ni kipupwe kusini. Johannesburg iko juu sana, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za Juni zinakaribia nyuzi sifuri. Makoti mazito kwa watoto watatu ni gharama ambayo hatukuipanga, na michezo ya maji kule haina maana msimu huo. Durban mwezi huohuo mchana hufika nyuzi 22 au 23, jua safi, mvua haba, na watu si wengi kama Desemba. Mtoto wa pwani ataona baridi akitoka majini, beba taulo la ziada.

Dubai Juni hadi Septemba ni tanuri. Nyuzi 40 na zaidi, na unyevu unaokufanya ulowe kwa kutembea hatua mia. Hoteli zinashusha bei, watoto wana ile nafuu ya viza, na bustani za ndani zinapitika bila shida. Inawezekana, mradi ukubali kuishi ndani ya majengo kuanzia saa nne asubuhi hadi magharibi. Bustani za wazi kama Legoland mchana wa Julai sizishauri kwa mtoto mdogo.

Desemba mambo yanageuka. Dubai hewa ni nzuri kabisa, na kila mtu duniani analijua hilo, bei zinapanda hasa kuelekea mwaka mpya. Durban Desemba ndiyo pwani ya Waafrika Kusini wenyewe: joto, mvua za ghafla, fleti zimejaa tangu Septemba, foleni za slaidi ndefu. Nikilazimika Desemba, ningekwenda Dubai wiki mbili za mwanzo na kurudi kabla ya tarehe ishirini. Mkenya mwenye likizo ya Aprili ana bahati, miji yote miwili inavumilika, ila atazame kalenda ya Ramadhani, kwani saa za bustani za Emirati hubadilika mwezi huo.

Chakula, swala na utulivu wa moyo

Nilidhani Dubai itatushinda kwa bei ya chakula na Durban itatusumbua kwa halali. Yote mawili nilikosea. Deira na Karama kuna mikahawa ya Wahindi na Wapakistani ambako biriani la kushiba na chai ya karak havikuumizi, na muuzaji wa duka la simu chini ya hoteli yetu alitujibu kwa Kiswahili cha Unguja kabla hatujamaliza kuulizana bei. Kama mna shangazi Muscat, na familia nyingi za pwani mnaye, basi kati ya Dubai na Muscat ni safari ya nusu siku, mradi mpange viza ya Oman mapema. Usiku tatu kwa shangazi zinalipa bustani moja.

Durban ina Wahindi Waislamu wengi tangu karne ya kumi na tisa, na msikiti mkubwa wa Juma pale iliyokuwa Grey Street, siku hizi Dr Yusuf Dadoo Street. Halali haikuwa tatizo hata siku moja. Watoto waliupenda mkate uliotobolewa katikati ukajazwa mchuzi, wanauita bunny chow. Mmoja mkubwa tuligawana wawili. Durban pia kuna jamii inayojiita Wazanzibari, kizazi cha Wamakua na wengineo waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa na kushushwa Natal, eneo la Durban, kuanzia 1873. Nilipomsimulia binti yangu, aliniuliza kwa nini hawakurudishwa kwao. Tulikaa kwenye benchi la ufukweni tukilizungumza hilo mpaka jua likazama.

Usalama nausema bila kuuzunguka. Dubai mtoto akipotea dukani unahangaika kwa dakika chache, na saa nne usiku mama anatembea na watoto bila kugeuka nyuma. Johannesburg usitembee ovyo baada ya magharibi, usitoe simu barabarani, na upange gari kabla ya kutoka mlangoni. Durban mchana kwenye njia ya ufukweni tulikuwa huru, jioni tulirudi mapema. Machafuko dhidi ya wageni yaliyotokea Afrika Kusini 2008, 2015 na 2019 yako akilini mwa kila ndugu utakayemwambia unakwenda. Sisi tulipokewa vizuri, lakini kama mzazi hatalala usingizi kwa hofu, bei nafuu haimfai, aende Dubai.

Ningewapeleka wapi

Familia ya watu watano au zaidi, wengi wa watoto chini ya mita 1.2, likizo ya Juni, pasipoti za Tanzania au Kenya: Durban usiku tano, na usiku mmoja au mbili Johannesburg ziangukie wikendi kwa ajili ya Gold Reef City. Johannesburg peke yake kama likizo nzima ya watoto siipendekezi, inachosha.

Familia ya watu watatu au wanne, watoto wamepita mita 1.2, wazazi wasiotaka kuendesha wala kuwa macho kila dakika: Dubai, Aprili au Desemba ya mwanzo, bustani mbili tu, malazi Deira. Ukiwa na hela ya bustani tatu, ongeza usiku badala ya bustani; watoto waliochoka hawaoni tofauti kati ya ya pili na ya tatu.

Pasipoti ndizo za kwanza kununuliwa, shilingi 150,000 kwa kila mtu hapa Tanzania, na kwa watano hiyo ni laki saba na nusu ambayo watu husahau kuiandika. Halafu viza kama ipo, halafu ndege, halafu malazi yanayoweza kufutwa bila faini. Tiketi za bustani zije mwisho, wiki moja kabla, ukishajua afya za watoto.

Na kabla ya pasipoti, tumieni Jumamosi moja Kunduchi Wet 'n' Wild, au kama mko Mombasa, Wild Waters ya Nyali. Sisi tulikwenda Kunduchi mwezi mmoja kabla ya Durban. Mkubwa alipanda slaidi zote. Wa katikati alipanda moja, akashuka na kusema imetosha, akakaa na mdogo kwenye maji mafupi hadi jioni, ameridhika kabisa. Usiku ule tulifuta siku ya pili ya maji tuliyokuwa tumeiandika kwenye mpango wa Durban, na hela yake ikalipia ziara ya mgodini.